Mlipuko wa Ekzosi na Kiganja cha Mama Kavira

Mimi niliyeishia darasa la nne leo nina magari matatu hapa Kasese, na walimu wangu wa zamani huja kuniomba lifti. Juzi mwanangu alilala chini ya moja uani, akatoa ekzosi iliyokuja na gari, akafunga bomba pana la kunguruma. Alipowasha, likalipuka kwa mshindo, nami nikajikuta nimejiziba mdomo kwa kiganja.

Baba naye aliwahi kubadili bomba hivyo mchana mmoja kule Bwera, nikiwa mtoto. Alikata sailensa, ile ya kupunguza kelele, ya pikapu yake kwa msumeno, akaunga bomba tupu. Pua ilijaa harufu ya kutu na petroli. Mimi nilikuwa kwa jirani, Mama Kavira, aliyekimbia vita vya Kongo, nikila muhogo wake wa moto. Gari likalia pa! pa!

Mama Kavira alininyakua, akanitupa migombani, akanilalia na kuniziba mdomo. "Nyamaza, mutoto! Beko karibu!" Kwa Kiswahili cha kwao, wako karibu.

Nilidhani ananiiba. Nikamng'ata kiganja mpaka nikaonja damu, wala hakuniachia.

Baba alipotukuta alicheka sana. "Mama, si ni gari tu!" Nami nikacheka kumshinda.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba kule kwao Mama Kavira alikuwa na mwana wa rika langu, na siku ya risasi mtoto huyo hakunyamaza, wauaji wakamsikia.

Nikamwambia mwanangu, "Hilo bomba litoke leo."

"Lakini mzee, si ni gari tu?"

Mimi huwa sikosi jibu. Siku hiyo nilichukua spana, nikalala mwenyewe chini ya gari, nikaanza kulifungua bomba.