Bi Loweka na Mtama wa Chupa Mia Tatu

Kwenye karakana yetu ya mbegu za uyoga hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Loweka, kwa kuwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuloweka mtama kabla haujachemshwa na kutiwa kwenye chupa ambamo mbegu ya uyoga huoteshwa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za mtaa mzima. Wenzetu walimtania kwamba hata marehemu mumewe alimloweka kwanza ndipo akamkubali.

"Na ndiyo maana alilainika," alikuwa akijibu. "Wako wewe bado jiwe."

Mimi niliosha chupa, mwanangu mgongoni. Siku zangu za mwanzo nilimuuliza kwa nini tusichemshe tu mtama mkavu, tumalize kazi.

"Mwanangu, kwenye mtama kuna bakteria waliolala," akasema. "Kila mmoja kajifungia ndani ya ganda gumu. Hali, hanywi. Mchemshe mchana kutwa, hafi. Sasa mtilie maji ya vuguvugu. Mtama unaachia utamu wake majini. Yule aliyelala akiuonja tu, anajua chakula kimefika. Anavua ganda, anaamka, anaanza kula. Hapo anakuwa laini kama huyo wa mgongoni kwako. Hapo ndipo unampeleka motoni."

"Kwa hiyo unamlisha ili umuue?"

"Mchana na usiku namlisha." Akacheka. "Kesho yake simjui."

Msimamizi wetu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Loweka. Alimlea tangu anatambaa, akamsomesha, akaenda mwenyewe kwa tajiri kumwombea kazi. Walikaa nyumba moja, kodi akilipa kijana. Nyumbani kijana alimwita Mama Mdogo. Kazini alimwita "wewe".

Likaja agizo la chupa mia tatu, msimamizi akakaa nalo mfukoni siku mbili, kalisahau. Alipokumbuka akaja mbio.

"Wewe, leo hakuna kuloweka. Tia mtama kwenye pipa, chemsha mara mbili ya muda wake."

"Hawatakufa, baba. Watalala humo humo motoni, na chupa zikipoa watakuta chakula kimeiva, kinawangoja."

"Bakteria umewasomea wapi? Darasa la nne?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Alichemsha kama alivyoamriwa. Lakini nilimwona akificha ndoo moja ya mtama chini ya meza, imelowekwa, kafunika gunia. Kesho yake aliuchemsha, akaujaza kwenye chupa kumi kati ya zile mia tatu, akazifunga uzi mwekundu. "Siku ya maswali niwe na jibu," aliniambia.

Siku ya sita chupa zilianza kutoa jasho. Mtama ukawa na ute, harufu yake kama matapishi ya mtoto yaliyolala kwenye shuka. Tajiri alikuja kajiziba pua. Msimamizi hakungoja kuulizwa.

"Muulize huyo anayeloweka."

Bi Loweka alikwenda mbio kuleta zake kumi. Mbegu ya uyoga ilikuwa imeota ndani yake nyeupe pe, kama pamba. "Tazama, tajiri. Hizi niliziloweka. Zile alinikataza."

Msimamizi alichukua chupa moja, akaigeuzageuza. Kisha akatabasamu.

"Kumbe ulijua zitaoza. Ukaokoa kumi, mia mbili na tisini ukaziacha ziharibike. Tajiri, huyu kafanya makusudi. Mimi nilimkataza? Nani alisikia?"

Kila mtu akatazama miguu yake.

"Huyu alikuwepo," Bi Loweka akasema, akinionyesha. "Mwanangu, sema."

Karakanani mtoto haruhusiwi. Msimamizi ndiye aliyekuwa akinifumbia macho. Alimtazama mwanangu, akanitazama mimi.

"Nilikuwa naosha chupa," nikasema. "Sikusikia vizuri."

Tajiri akamwambia avue aproni. Aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Kisha akamgeukia yule kijana, kwa sauti ile ile ya siku zote: "Chakula chako nimekifunika jikoni."

"Kuanzia leo nitajipikia. Na wewe utafute pa kulala. Vyombo vyako utavikuta nje."

Hata tajiri aliinamisha macho.

Jumatatu nilipewa kazi ya kuloweka. Mwanangu naye akaruhusiwa rasmi, akatengewa kona yake na mkeka.

Bi Loweka sasa anaosha vyombo kwenye mkahawa nyuma ya stendi, na analala stoo, katikati ya magunia ya mkaa. Wiki iliyopita nilijikaza nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, maana salamu hanyimwi mtu. Akajifuta mikono, akamshika mwanangu kidevu.

"Umeota meno mangapi wewe? Hebu nione."

Akayahesabu kwa kidole, akampa kijiko achezee, akarudi kwenye beseni lake. Nilisimama pale mpaka vyombo vikaisha. Mimi hakuniuliza kitu.