Mazoezi ya Saa Kumi na Moja

Kocha alivaa filimbi mbili shingoni, sijui ya pili ilikuwa ya nini. Mradi fulani ulimtuma atufundishe sisi vijana tunaolala nje mjini Isiolo kwamba tukikimbia, mawazo yatapungua. Mimi nilikuwa nimeswaga mbuzi wa watu kutoka upande wa Kipsing hadi sokoni tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Kama mbio ni dawa, ningekuwa daktari mkuu wa kaunti.

Tulikuwa wasichana wawili, mimi na rafiki yangu, na tulilala kwenye baraza la duka moja huko Chechelesi. Mwenye duka, mama mjane, alituruhusu mradi tufagie kabla hajafungua. Baraza lilikuwa na taa na ukuta pande tatu, kwa hiyo wengi walilitamani. Sisi wa nje tulikuwa na sheria moja: anayekutwa ameketi juu ya gunia lake adhana ya magharibi ikilia, ndiye mwenye pahali siku hiyo. Ukichelewa unaondoka, hata kama umelala hapo mwaka mzima.

Na kocha akapanga mazoezi saa gani? Saa kumi na moja jioni, mpaka giza liingie.

Nilimwendea nikamweleza yote hayo, nikamwomba ahamishie asubuhi. Alinisikiliza huku akitazama simu.

"Asubuhi haiwezekani, dada. Jioni ndio jua iko sawa ya picha. Wafadhili wanapenda hiyo."

Alisema hivyo bila haya, mbele ya vijana waliovaa fulana zake zilizoandikwa maneno ya afya ya akili. Mtu mwenye kitanda chake, anawapangia jioni wasio na kitanda! Nilimdharau siku hiyo na sijaacha.

Rafiki yangu alienda hata hivyo. Mimi nilibaki nimejinyoosha juu ya magunia yote mawili, nikimshikia pahali na kununa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mbio zilimfaa kweli. Tangu amtoroke baba yake wa kambo alikuwa akishtuka usingizini na kulia. Wiki mbili za mazoezi, akaacha. Akaanza kula vizuri, akaanza hata kunichokoza.

"Si ukuje siku moja tu? Wallahi mwili inakuwa nyepesi."

"Na baraza nimwachie nani, huyo kocha wako?"

Aliniomba wiki nzima. Mwishowe kocha mwenyewe akaapa kwamba siku hiyo tungemaliza mapema, nami, mjanja wa wajanja, nikamwamini.

Nilikimbia. Mizunguko miwili ya kwanza nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo. Wa tatu nilisahau. Nilihisi kifua kimefunguka, nikafurahi kama mtoto, na hilo siwezi kulikana hata nikitaka.

Kisha kocha akatupanga mstari, akainua simu kutupiga picha. "Mikono juu! Ya mwisho hii!" Ya mwisho ikafuatwa na nyingine, na nyingine, mpaka adhana ikalia.

Tulikimbia hadi Chechelesi kwa kasi kuliko tulivyowahi kukimbia uwanjani. Vijana wanne walikuwa wameketi barazani. Magunia yetu walikuwa wameyakunja vizuri, wakayaweka kando.

"Pole, masista. Adhana imelia."

Hawakukosea. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo.

Nilimwambia rafiki yangu twende tukalale stendi. Akasema stendi hawezi, afadhali shetani anayemjua. Alichukua gunia lake akarudi kwa baba yake wa kambo, nami sikumzuia, kwa sababu sikuwa na pahali pa kumzuilia.

Baadaye kocha alinipa picha, zawadi ya kushiriki. Rafiki yangu yuko katikati, mikono juu. Mimi niko kando yake. Ni ile ya mwisho kabisa, adhana imeshaanza, na sote wawili tunacheka.