Ujumbe wa Lulimba Ambao Sikuutuma

Ndugu wasomaji, majina nimeyabadilisha, maana hapa Baraka, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili. Niliishia shule ya msingi, na ninauza ndagala kavu, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Mume wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akila samaki, kichwa alimwachia binti yetu. Hata leo nikipakua ninatenga kichwa pembeni nikimngojea yeye ampe mtoto, halafu ninakumbuka kwamba sasa nitampa mimi.

Binti huyo ndiye mtoto pekee tuliyebaki naye. Nitamwita Furaha. Alisomea kompyuta, na mwaka huu alichaguliwa kwenye mafunzo ya watafiti vijana. Wanafundishwa jinsi mawasiliano yanavyoweza kuendelea hata mnara ukizimika, umeme ukikosekana au barabara ikikatika. Mwalimu wao aliwaambia wasianze na mashine, waanze na watu. Kila mmoja achukue ujumbe mmoja uliopotea, aifuate njia yake yote, aone ulikatikia wapi. Watakaofanya vizuri wataendelea na masomo Lubumbashi kwa miaka miwili.

Sasa nisikilizeni nilichofanya. Kwetu, mtoto wa marehemu halali mbali na nyumba za ukoo kabla kilio, yaani matanga, hakijamalizwa. Na kilio cha mume wangu hakiwezi kumalizwa bila kaka yake mkubwa, anayekaa upande wa Lulimba, kijijini ambako simu haishiki. Ujumbe wa kule tunampa dereva wa pikipiki kwa mdomo, naye anaufikisha. Furaha aliponiambia habari za Lubumbashi, nilimjibu kwamba nitamwita baba yake mkubwa. Nikaenda kwenye kituo cha pikipiki. Nilimkuta Amisi, kijana anayefanya njia ile, akifunga mizigo. Tukasalimiana, akaniuliza kama nina neno la kupeleka. Nikasema hapana, nimepita tu. Nilipofika nyumbani nikamwambia Furaha kwamba ujumbe nimemwachia Amisi.

Sikuwa nimepanga. Njiani nilikuwa nimewaza ile nyumba bila sauti yake akiimba anapoosha vyombo, na mdomo ukakataa. Majuma yakapita, baba mkubwa hakuja. Furaha akaniomba nitume tena. Nikafanya vilevile.

Nilidhani atachoka kuuliza. Badala yake, ujumbe huo ndio aliouchagua kwa kazi yake ya mafunzo. Akamfuata Amisi, akamwuliza kwa upole ule ujumbe alimpa nani na aliufikisha wapi. Amisi akasema hakumbuki kupewa ujumbe wowote. Wenzake walikuwa karibu wakasikia, na tangu siku ile wanamwita Mnara, kwamba amesimama anaonekana lakini hapitishi kitu. Alicheka pamoja nao mwanzoni. Sasa nasikia kuna akina mama waliokuwa wakimtuma Kilembwe na Lulimba ambao wanatafuta dereva mwingine.

Alikuja kwangu sokoni, akasimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Mama, ile siku ulinipatia mimi, ao ulipatia mwingine?"

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Nikamjibu kwamba pengine ni yeye, pengine ni mwingine, siku zile kichwa changu kilikuwa kizito.

"Basi njo mi," akasema, akikubali kwamba ndiye. "Ile wakati mutoto yangu alikuwa mugonjwa, nilikuwa nasahau mambo mingi. Unisamehe, mama."

Akaona gunia langu liko juani, akalinyanyua, akaliweka kivulini, akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada Furaha alirudi na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu msiba.

"Mama, mwalimu anasema mufano yetu ni muzuri. Ujumbe ikipitia kwa muntu mumoja tu, ule muntu akikosea, bote banabaki gizani."

Nikamwuliza, "Na ule muntu, mutamufanya nini?"

"Hatumulaumu, mama. Tunatafuta njia ya pili."

Sikuweza kumtazama. Nikajifanya ninapepeta mchele.

Njia ya pili ameipata. Jumamosi hii anakwenda mwenyewe Lulimba, nyuma ya pikipiki ya Amisi, kumleta baba yake mkubwa. Amisi amekataa malipo. Amesema akifika atapiga magoti mbele ya mzee, aombe msamaha kwa kuchelewesha kilio cha ndugu yake.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Mwenye kusingiziwa amekwisha kukubali. Hilo ndilo linaloniondolea hamu ya kula. Kazi ya kwanza ya mwanangu itasimama juu ya uongo wangu, ataisoma mbele ya walimu wakubwa, na watakaojifunza kwake watajifunza kitu ambacho hakikutokea. Na mume wangu, ambaye hakuwahi kumchelewesha mtu, nimekiacha kilio chake wazi kwa sababu ya woga wangu wa kubaki peke yangu. Lakini nikisema, Furaha anaweza kuondoka bila kunitazama, na nitakuwa nimempoteza kwa njia mbaya kuliko ile niliyoiogopa.

Leo ni Alhamisi. Ninyi mlio wazazi, na ninyi mlio watoto mliowahi kudanganywa na mama, nisaidieni mawazo kabla pikipiki haijaondoka. Nimwambie Furaha peke yake, au nimwite na Amisi akae pale asikie? Na nikishawaketisha, neno la kwanza niseme lipi?