Mchanga Ambao Sikuuchimba

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Niliyemkosea hajui mpaka leo, ndiyo maana jina langu silitaji.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa bingwa wa kuruka juu, mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki unanijua. Goti liliponiharibikia nikawa mwalimu wa michezo katika shule moja Garissa. Godoro la kuangukia hatukuwa nalo. Tulikuwa na shimo la mchanga wa mtoni, na kabla ya mazoezi lazima uchimbwe kwa jembe mpaka ulainike. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Buna, Dekow. Miguu mirefu, heshima tele. Alikuwa anaruka kinyumenyume na kuangukia mgongo. Wallahi, angenipita yule, na nilimwombea Mungu anipite.

Asubuhi hiyo mchanga ulikuwa umeloa mvua kisha ukakaushwa na jua, ukashikana kabisa. Nikachukua jembe. Mara akatokea adeer wangu, kaka yake baba yangu, aliyeleta ngamia sokoni kutoka Hulugho. Alikuwa na wazee wenzake.

"Huyu ndiye bingwa wenu?" akawauliza. "Mtoto wa watu wa ngamia, na jembe mkononi?"

Wakacheka. Kwetu wafugaji, kushika jembe ni kujidhalilisha. Aibu ikanishika, nikalitupa nyuma ya ukuta, nikajifanya napima kimo cha ufito wa kurukia.

Dekow akaja. "Mwalimu, mchanga umechimbwa?"

Adeer alikuwa anasikiliza. Nikamjibu, "Umechimbwa. Ruka."

Aliruka vizuri kuliko siku zote. Alipotua, nilisikia mgongo wake. Ya Allah, ule mlio!

Hajatembea tena. Ufundishaji niliuacha. Kila Ijumaa baada ya swala nampelekea maziwa kwa dada yake, anakolazwa kwenye mkeka, na tunapiga soga kama zamani. Wageni wakimuuliza, anasema, "Niliruka vibaya. Mwalimu alinifundisha sawasawa."

Kuna siku alinishika mkono. "Nisamehe, mwalimu. Nilikuaibisha mbele ya wazee."

Nikamwambia nimemsamehe. Mimi! Nimemsamehe yeye! Nikatoka nje nikalia hadi dada yake akanikuta.

Nawe unayefundisha watoto wa watu, usiwe mjinga kama mimi. Shika jembe, uchekwe. Wazee wale walicheka kidogo tu, wakaenda zao kunywa chai.