Darasa Linalonong'ona

Saa mbili na nusu asubuhi. Darasa la awali lina watoto arobaini na sita na hakuna anayesikika. Mwalimu amesimama ubaoni, anagusa herufi kwa chaki, na watoto wanaitamka wote kwa pamoja kwa kunong'ona.

Mwandishi wa makala haya, asiyejua lolote, alibisha hodi na kusalimia kwa sauti aliyozaliwa nayo. Vidole arobaini na sita vilipanda midomoni. Mtoto wa dawati la mbele alimtazama kwa huruma, akamweleza taratibu: "Punguza sauti. Bosi atakimbia."

Bosi ni kuku mwekundu mwenye uso wa hasira. Yuko nyuma ya kabati la vitabu, ndani ya kasha la mbao lililojazwa majani makavu, na chini yake kuna mayai kumi na mawili. Hakuna mwingine shuleni hapo anayeheshimiwa kiasi hicho, mwalimu mkuu akiwemo.

Mwenye kuku ni mwalimu wa darasa hilo, mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Wenzake humwita Mama Kuku, naye huitika bila kinyongo. Amefundisha watoto wadogo kwa miaka ishirini na miwili, na mingi kati ya hiyo alifundisha kwa kupiga kelele.

"Wao arobaini na kitu, mimi mmoja. Nani angeshinda?" anasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuwa nafika nyumbani sina sauti hata ya kuomba chumvi. Mume wangu akadhani ndoa imetulia."

Utani huo uliisha siku sauti yake ilipokatika katikati ya wimbo darasani, isirudi kwa wiki kadhaa. Daktari wa koo alimwonyesha picha ya vinundu kwenye nyuzi za sauti, akamwambia bila kuzunguka kwamba aache kelele au aache kazi. Akajaribu filimbi. Akajaribu kengele. Akajaribu na fimbo, jambo analolisema huku akitazama pembeni. Watoto walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea walipoishia.

Kuku alikuja kwa bahati tu. Mwaka jana, kwenye somo la wanyama wa nyumbani, mwalimu alimleta kuku wake aliyekuwa akiatamia ili watoto wamwone. Akawaambia kwamba kuku akisumbuliwa huyasusa mayai, na vifaranga hufia humo ndani.

"Sikuwa na mpango wowote, nilisema tu," anakumbuka. "Nikaona darasa zima limeshusha sauti. Hakuna aliyewatisha. Nilitaka kulia."

Lakini mambo yalikwenda mrama. Mafundi walikuja kugongelea mabati ya paa, kuku akaruka dirishani asirudi, mayai yakawa viza. Siku yalipoanza kupasuka, harufu ilifika ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya taarifa. Watoto walilia, wazazi wakaja juu. Mwalimu mkuu akatoa uamuzi wake: ajaribu mara moja tu zaidi. Akishindwa, kona ile inarudi kuwa ya vitabu.

Kwa mwalimu hesabu ilikuwa rahisi. Kuku akiondoka, kelele zinarudi. Kelele zikirudi, koo linakufa, na kazi nayo inakwenda.

Ndiyo maana mwaka huu, alipomleta Bosi, alikuwa akiishi roho mkononi. Kila asubuhi Bosi anapotoka kula na kunywa, yeye huinama haraka kuhesabu mayai, yote yakiwa na alama ya msalaba wa penseli. Asubuhi moja ya wiki ya pili akakuta kumi na matatu. Baya zaidi, moja la yale ya zamani lilikuwa limesukumwa pembeni kwenye baridi, kwa sababu mabawa ya Bosi hayatoshi mayai yote hayo.

Lile geni halikuwa na alama. Alilichukua, akalizungusha juu ya meza. Likazunguka kama pia. Yai bichi haliwezi kuzunguka hivyo. Lile lilikuwa limechemshwa.

Aliuliza darasa, kwa kunong'ona, ni la nani. Wakati wa mapumziko akasikia sketi yake inavutwa. Alikuwa binti wa miaka sita, anayeishi na bibi yake, na ambaye kila siku hufungiwa yai la kula shuleni.

"Nilifikiri kuku akililalia sana," mtoto alisema, "litasahau kwamba lilipikwa."

Mwalimu anasema hapo ndipo alipochanganyikiwa. Akilitoa, mtoto ataangua kilio na Bosi atakimbia. Akimdanganya, watoto wengine nao wataleta ya kwao, na hakuna yai litakalopata joto. Akapiga moyo konde, akachuchumaa, akamwambia ukweli: "Hili halitatoa kifaranga, mwanangu. Hata tungelisubiri vipi."

Uso wa mtoto ulijikunja. Mdomo ukafunguka. Kisha akauziba kwa mikono yote miwili, akatoka mbio, akavuka uwanja hadi nyuma ya tangi la maji, na huko ndiko alikolia, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Alipomaliza alinawa uso, akarudi kukaa mahali pake.

"Mtu mzima angeweza kufanya vile?" anauliza mwalimu, na machozi yanamlengalenga. "Nilijua hata vifaranga wasipotoka, nimeshapata kitu."

Vifaranga walitoka. Lile yai lililopigwa na baridi halikutoa kitu, lakini kumi na moja yalianguliwa, la kwanza wakati wa somo la hesabu, na somo likaishia hapo hapo. Mwalimu mkuu aliitwa. Alipiga magoti sakafuni na suti yake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kuku anaweza kuja kila muhula. Alilisema kwa kunong'ona.

Bosi na wanawe walipelekwa nyumbani Ijumaa. Jumatatu kona ilikuwa tupu, na mwalimu akagundua jambo ambalo hakulifikiria: sasa hakukuwa na wa kunyamaziwa. Watoto waliingia na kelele zao zote. Akafungua mdomo ili apaze sauti, akakumbuka koo, akaufunga. Alivuta kiti, akakaa, mikono mapajani, akasubiri hajui nini.

Binti wa yai la kuchemsha alimtazama kwa makini. Akasimama juu ya dawati lake, kidole mdomoni, akawageukia wenzake.

"Nyamazeni," alisema. "Mwalimu anaatamia."

Darasa likatulia, na somo la siku hiyo likaanza kwa wakati.

Muhula ujao Mama Kuku ataleta tetea mwingine, na mwalimu wa darasa la jirani amekwishaomba wa kwake. Yeye mwenyewe anasema hatamani makubwa.

"Nataka siku ya kustaafu nisimame mbele ya watu," anasema, "niwaage kwa sauti yangu."