Mwenzangu wa Karata Aitwaye Mbasa

Mnicheke, lakini mmalize kusoma kwanza. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbinga mjini, na kwenye simu nina mchezo wa kukusanya karata za mashujaa. Mnacheza wawili dhidi ya wawili, na mwenzako unapangiwa tu na mchezo wenyewe.

Wiki iliyopita nikapangiwa mtu aliyejiita Mbasa. Joka letu, karata yetu kubwa kuliko zote, alilitoa mwanzoni kabisa, likafa bure. Kisha akachukua karata ya dawa akamponya adui. Tulipofungwa mara ya tatu nikamtumia ujumbe wa sauti: "Kaka, unacheza kwa macho au kwa kisigino? Mbuzi angeikanyaga hiyo simu tungeshinda."

Jumamosi mchumba wangu akanipeleka Mapera kwa wazazi wake. Nikapiga goti. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Baba mkwe, mwalimu mstaafu, hakuitikia. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya mbali. "Hebu rudia, mwanangu."

Nikadhani amependa adabu yangu, nikarudia kwa sauti tamu zaidi.

Akavaa miwani, akatoa simu, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa sebule nzima, pamoja na kile kisigino na yule mbuzi. Mchumba wangu alinitazama. Mimi nilitazama mkeka.

Mama mkwe akaweka chini sahani ya viazi. "Kumbe ni huyu aliyekufanya ususe chakula?"

"Ndiye," mzee akasema. "Mpe kiti karibu yangu."