Pumzi Zetu Zilitutangulia Kutoka

Siku ya tatu chini ya ardhi, nilisikia waokoaji wakizima mashine.

Mimi ni mchimbaji. Mgodi ulituporomokea mimi na Fundi Baruti, mlipuaji miamba wetu. Tulinusurika kwenye kijishimo ambacho hata ukikaa, kichwa kinagusa mwamba. Yeye mguu ulibanwa na jiwe. Tulikuwa na taa moja na chupa moja ya maji.

Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tukagonga mwamba kwa nyundo. Wapi!

Sasa mashine nayo kimya.

"Wametuzika, bwana mdogo," Fundi Baruti akasema taratibu, kama anayenipa salamu.

Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Kichwa kilikuwa kinagonga na usingizi mzito unanivuta. Wachimbaji tunajua maana yake. Hewa inaisha.

Nikamkumbuka mdogo wangu wa kike. Kazi yake ni kuchunguza hewa ya sayari za mbali, kutafuta dalili za uhai. Wiki moja kabla, mezani kwa mama, nilimwambia mbele ya watu kwamba hapa shida ni kibao, yeye analipwa kunusa upepo wa kusikofika hata nzi.

Aliinuka, akaacha chakula. Mama akaniambia nimwombe radhi. Nikajitia hamnazo.

Sasa nilikuwa nakufa na deni la neno moja.

Nilipozinduka, nilikuwa hospitalini. Fundi Baruti kitanda cha pili, mzima, ila mguu kauacha kule.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa na mama. Tundu jembamba walilotoboa lilitupita, likatokea kwenye ufa nyuma ya kifusi. Waliita, hawakujibiwa. Kilima kilikuwa bado kinateleza, na mkuu wa waokoaji alikuwa na watu wake wa kuwalinda. Akaamuru waondoke.

Mdogo wangu, aliyekuja mgodini na vipimo vyake vya hewa, akamsihi ampe saa tatu tu, apime hewa inayotoka kwenye lile tundu. Akapima kila baada ya dakika chache. Oksijeni inashuka, hewa chafu ya pumzi inapanda, kidogo kidogo, bila kurudi nyuma.

Mkuu akazisoma zile namba moja moja. Kisha akawasha mashine mwenyewe.

Mdogo wangu alipokuja, nilimwomba radhi nikilia kama mtoto. Nikamwambia, "Wewe peke yako ulijua tuko hai."

Akainamisha uso.

"Sikujua, kaka. Mwamba ule nao unakula oksijeni na kutoa hewa chafu kama ya pumzi. Inawezekana kabisa nilikuwa napima mawe matupu."

"Sasa ulimwambia nini yule mkuu?"

"Ukweli. Kwamba sina uhakika, na tukiondoka hatutakuwa nao kamwe."

Nilidhani niliokolewa na mtu aliyejua. Kumbe niliokolewa na mtu aliyekubali kwamba hajui, akakataa kuondoka.

Siku hizi watu huniuliza kama kazi ya mdogo wangu ina faida, maana huenda akazeeka asipate chochote kwenye sayari zile. Sibishani nao. Huenda.

Ila ndugu yangu unayesoma, usiseme mahali hapana uhai kwa sababu tu umeita na hukujibiwa. Mimi nilikuwepo. Nilijibu siku tatu nzima.